Namna ya kupima sakafu ya bahari chini ya vizimba vya samaki

Kama wewe na wenzako mnapanga kuweka vizimba vya samaki baharini, iwe Mbweni, Kunduchi, Mjimwema au kule Kimbiji, kuna kazi moja ifanyike kabla hamjanunua hata boya la kwanza: kupima chini. Nasisitiza kabla. Samaki wakishaanza kulishwa, mchanga wa pale chini hautakuwa tena ule mlioukuta, na hakuna mtaalamu atakayeweza kuwaambia ulikuwaje. Nafasi ya kuchukua kipimo hicho cha kwanza ni moja tu.

Mimi ni mzamiaji. Nimekulia Mjimwema, nikasomea uvuvi Mbegani, na riziki yangu ni kuzama chini ya vizimba vya watu: kukagua nanga, kushona wavu uliochanika, kutoa samaki waliokufa, kuchukua tope la kupima. Naandika kwa ajili ya vikundi vidogo visivyo na fedha za kumlipa mshauri. Nimeona vikundi vikianza kwa moyo mweupe, kisha vinakosana na wavuvi wa kijiji hichohicho kwa jambo ambalo daftari la kurasa chache lingelimaliza.

Kinachotokea chini

Samaki wa kizimbani hulishwa, na si kila punje inaingia mdomoni. Iliyompita inazama. Iliyoliwa inatoka kama kinyesi, nayo inazama. Vyote viwili ni chakula cha bakteria wa mchangani, ambao huvila kwa kutumia oksijeni. Mzigo ukiwa mdogo, mchanga unaumudu, na minyoo na kaa wanapata shibe. Ukizidi, oksijeni ya mchangani inakwisha, na hapo wanashika zamu bakteria wengine wanaotumia salfeti iliyomo kwenye maji ya bahari. Wanachotoa ni gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ni sumu kwa viumbe wa chini, na ikikutana na chuma kilichomo kwenye mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama chini, tope linakuwa jeusi.

Mwaka 1978 watafiti Pearson na Rosenberg walieleza jinsi viumbe wa mchangani wanavyopokezana mzigo unapoongezeka. Wachimbaji wakubwa wa kwenda kina hutoweka mwanzo, kisha aina zinapungua, halafu wanabaki minyoo wadogo wa aina moja au mbili kwa wingi wa kutisha, na mzigo ukizidi hapo hapabaki kitu. Mpangilio huo unasomwa mpaka leo chini ya vizimba vya samoni huko Norway na Uskoti. Wewe utausoma kwa ndoo na chungio.

Ugumu wetu sisi wa Dar es Salaam ni kwamba tope jeusi tulikuwa nalo hata kabla ya vizimba. Mto Msimbazi unabeba uchafu wa nusu ya jiji. Tegeta na Mpiji huja na udongo wote wa masika. Kwenye mikoko ya Mzinga tope ni jeusi na linanuka hivyohivyo kwa asili yake, bila mtu yeyote kufuga chochote. Ukija kuchimbua baada ya miaka mitatu ukakuta weusi, wavuvi watasema ni vizimba, nyinyi mtasema ni mto, na wote mtakuwa mnakisia. Mzee mmoja wa kwetu alinishika mkono pale ufukweni akaniambia, "Mwanangu, chini pale palikuwa na majani tele, tasi walikuwa wanalisha pale. Nenda kaangalie leo." Nilikwenda, majani hayakuwepo. Lakini kikundi chenye vizimba hakikuwa na kipimo cha awali, na mzee hakuwa na chochote zaidi ya kumbukumbu yake, basi shauri likafia barazani. Naamini alikuwa anasema kweli, na bado inaniuma kwamba hakukuwa na karatasi ya kumsaidia.

Mahali pa kupima

Chagueni vituo kabla ya kuingia majini na mviandike kwa majira ya ramani kutoka kwenye simu. Kituo kimoja pale kizimba kitakapokaa. Kingine ukingoni mwake. Kisha nendeni na mkondo mita 25, 50 na 100, upande wa maji yanakojaa na upande wa yanakopwa, kwa sababu mkondo wetu unakwenda pande mbili na uchafu hufuata zote mbili. Mwisho, vituo viwili vya kulinganishia, mbali mita mia kadhaa, vyenye kina kilekile na mchanga wa aina ileile, wala visiwe karibu zaidi na mdomo wa mto. Hivi viwili wengi huviacha ili kuokoa mafuta ya boti. Msiviache hata kama itabidi mpunguze vingine. Mvua kubwa ikileta tope kila mahali, vituo hivyo ndivyo vitakavyoonyesha kwamba si kosa lenu, na kama ni kosa lenu vitasema pia.

Mkikuta nyasi bahari au matumbawe mahali mlipopachagua, hameni. Sina maneno ya kulainisha hapa. Nyasi bahari zinaishi kwa mwanga, na kizimba kinaleta kivuli, maji machafu na tope lenye sumu kwenye mizizi. Katika ghuba ya Fornells, kisiwa cha Menorca huko Hispania, ufugaji ulisimamishwa mwaka 1991, na watafiti waliorudi baadaye walikuta majani bado yanaendelea kupungua ingawa vizimba vilishaondoka. Na visiwa vyetu vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975; huko hakuna mjadala.

Siku na saa

Angalieni mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkondo unakuwa mkali na unachukua uchafu mwepesi wa juu. Siku za maji mafu tofauti ni kama mita moja tu, mkondo umelegea, na kila kinachoanguka kinakaa kilipoangukia. Kwa hiyo tope lichukuliwe mwishoni mwa maji mafu, chini kukiwa katika hali mbaya kuliko zote za nusu mwezi ule. Mkipima baada ya bamvua mtajipa matokeo mazuri yasiyo ya kweli. Shukeni maji yakiwa yamesimama, kati ya kujaa na kupwa. Ni salama zaidi na unaona vizuri.

Rudieni kwa kaskazi na kwa kusi, msimu mmoja hautoshi. Kusi linachafua bahari mpaka chini kwenye maeneo yaliyo wazi, kaskazi linatuliza upande mwingine. Kipimo cha Februari na cha Julai ni vitu viwili.

Bamvua pia ndiyo inayoamua kina. Mahali penye mita 6 maji yakijaa panaweza kubaki na mita 3 yakipwa, na wavu wa mita 2 na nusu hapo unakaribia kufagia mchanga. Mimi hukataa kufunga nanga mahali ambapo kina cha maji makavu kabisa ya bamvua hakifiki mara mbili ya kina cha wavu.

Uchafu utatua wapi

Hesabu hii inafanywa kwa saa, kamba na chungwa. Chungwa linaelea likiwa karibu lote limezama, hivyo upepo haulisukumi sana. Funga kamba ya mita 10, liachie, hesabu sekunde mpaka kamba inyooke. Likitumia sekunde 50, mkondo ni sentimita 20 kwa sekunde. Likitumia sekunde 200, ni sentimita 5. Ukitaka mkondo wa katikati, ning'iniza dumu dogo lililojaa maji chini ya boya, fanya vilevile. Pima maji yakijaa na yakipwa, kwa bamvua na kwa maji mafu.

Kisha jua kasi ya kuzama. Chukua chupa kubwa angavu, ijaze maji ya bahari, dondosha punje zako zenyewe, pima sekunde. Punje nyingi za kuzama huenda kama sentimita 10 kwa sekunde. Kinyesi ni kizito kidogo kuliko maji, chukulia sentimita 3.

Sasa tuseme kutoka kitako cha wavu hadi mchangani ni mita 8. Punje inachukua sekunde 80 kufika, kinyesi sekunde 267 hivi. Mkondo wa sentimita 5 utaisogeza punje mita 4 na kinyesi mita 13. Mkondo wa sentimita 20 utaipeleka punje mita 16 na kinyesi mita 53. Maana yake ni hii: kwenye ghuba iliyotulia, chakula kilichopotea kinarundikana chini ya kizimba chenyewe, na kwenye mkondo kinasambaa kikawa chembamba, mchanga ukaumudu. Watu hupenda mahali patulivu kwa sababu nyavu hazipati shida. Mchanga wa chini ndio unaolipa utulivu huo.

Kama mnataka kujua kinachoanguka kwa uzito, tengenezeni mtego wa mashapo. Kata bomba la plastiki la inchi 3, urefu usiopungua mara tano ya upana wake ili kilichoingia kisitikiswe kikatoka, ziba chini, lifunge jiwe, liegeshe wima mita moja juu ya mchanga. Moja chini ya kizimba, moja kwenye kituo cha kulinganishia. Baada ya siku nzima vitoe taratibu, acha maji yatulie, mwaga ya juu, kausha tope, pima gramu.

Kuchukua tope

Usizame peke yako, na usizame chini ya wavu bila kisu mguuni. Nyavu za vizimba zinacheza, na mzamiaji akinaswa kwenye kamba ya nanga dakika zake ni chache. Anayetumia pampu ya hewa ahakikishe bomba la kuvutia hewa liko mbali na moshi wa injini.

Utahitaji bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa sentimita 40, ukingo wa chini ukiwa umepigwa msasa mpaka ukawa mkali, vifuniko viwili, mti wenye kipande cha mpira kichwani unaoingia bombani bila kulegea, sinia jeupe. Vyote vinapatikana Kariakoo kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Ukifika chini, usikanyage. Kaa juu kidogo, tazama kwanza, piga picha. Kisha sukuma bomba wima, taratibu, ukilizungusha kidogo, mpaka liingie kama sentimita 20. Ziba juu kwanza. Hapo tope linashikwa na halidondoki. Chimba pembeni kwa mkono, ziba chini, chomoa. Panda nalo likiwa wima muda wote. Ukililaza, tabaka zimevurugika na kazi imeharibika. Chukua mabomba matatu kila kituo, kwa sababu mchanga haufanani hata kwa hatua moja.

Kwenye boti, ondoa vifuniko, sukuma tope kwa mti kutoka chini, lipokee siniani, lipasue katikati kwa kisu. Nusa mara moja, si kwa kung'ang'ania. Sasa soma.

Mchanga ulio hai una tabaka la juu la rangi ya kahawia au kijivu cha kunde, limetobolewa na vishimo vya minyoo, na hewa imefika ndani. Weusi unaweza kuwepo chini yake, na si vibaya. Pima kwa rula unaanzia sentimita ngapi. Kipimo hicho kimoja, kina cha weusi, ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu mtu yeyote anaweza kukirudia na hakihitaji umeme. Kama kabla ya vizimba weusi ulianza sentimita 6 na sasa unaanza sentimita 1, na kwenye kituo cha kulinganishia bado ni 6, mmeshapata jibu.

Chini ya kizimba kimoja cha kolekole niliona hali ya mwisho kwa macho. Mchanga ulikuwa na utando mweupe, nyuzi laini zilizolala mabaka mabaka, ambazo ni bakteria waitwao Beggiatoa wanaoishi kwa kula salfaidi. Nilipogusa kwa kidole, mapovu yalipanda. Punje zilikuwa zimerundikana kwenye kishimo, zimevimba, zina ukungu. Sikuona kombe, wala kiti cha pweza, wala tundu la kaa. Hatua chache nje ya kivuli cha wavu kaa walikuwepo. Ukikuta utando huo na mapovu, acha kupima, panda ukawaambie wenye kizimba leo hiihii, kwa sababu gesi hiyo ikipanda siku ya maji mafu na joto, inawafikia samaki wao wenyewe.

Kwa viumbe, chukua bomba jingine la tope, lioshe kwa maji ya bahari juu ya chungio lenye matundu ya milimita 1. Kinachobaki kimwage siniani, hesabu. Huhitaji kujua majina. Tenga kwa maumbo: minyoo minene, minyoo myembamba, kombe, kaa, kamba wadogo. Andika ni maumbo mangapi na kila moja wangapi. Ukikuta minyoo wembamba wekundu kama uzi kwa mamia na karibu hakuna kingine, hao yumkini ni jamii ya Capitella, wanaoshamiri mahali wengine waliposhindwa. Wingi wao usikufurahishe.

Ukikuta mambo yameharibika

Anza na chakula. Vikundi vingi hapa hulisha mabaki kutoka soko la Feri, matumbo na vichwa na dagaa waliolala, kwa sababu ni rahisi kupata. Chakula hicho hutawanyika majini kabla hakijaliwa, na inaweza kuhitajika kilo 5 hadi 10 kupata kilo moja ya samaki. Chakula kizuri cha punje kinahitaji kilo 2 au chini. Sehemu ya tofauti hiyo inakwenda mchangani. Aliyepo zamu awe na mtu wa kuangalia chini kwa miwani, na punje zikianza kupita wavu, mkono usimame. Msilishe kwa ratiba ya ndoo, lisheni kwa hamu ya samaki. Siku za maji mafu punguzeni.

Dawa: oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, inauzwa kwenye maduka ya mifugo na watu huichanganya kwenye chakula bila kuuliza. Sehemu kubwa hupita na kinyesi na hukaa kwenye tope kwa wiki nyingi, ikifundisha bakteria kuizoea. Mwoneni mtaalamu kwanza. Nyavu zilizopakwa rangi yenye shaba nazo zisisuguliwe majini. Zileteni nchi kavu.

Kisha pumzisheni mahali. Norway inalazimisha angalau miezi 2 ya mapumziko kati ya kundi moja la samaki na jingine. Msidhani miezi hiyo inarudisha kila kitu. Kwenye ghuba ya Cephalonia, Ugiriki, watafiti walifuatilia mchanga kwa miezi 23 baada ya vizimba kuondolewa na ulikuwa bado haujapona. Ndiyo maana nasema hameni mapema, weusi ukianza kupanda, msingoje utando mweupe.

Na msizidishe idadi. Bolinao, Ufilipino, wanafuga mwatiko, samaki huyuhuyu tunayemfuga kwenye mabwawa ya pwani. Kikomo kiliwekwa kuwa vizimba na mazizi 544, watu wakavuka zaidi ya mara mbili. Mwaka 2002 maji yalijaa vijimea vinavyolishwa na uchafu huo, oksijeni ikakatika, na samaki wakafa kwa wingi. Kila mwenye kizimba kule alikuwa anahesabu cha kwake tu. Hapa kwetu NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo inayosimamia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Nendeni mkaulize mapema mradi wa ukubwa wenu unaangukia wapi, mkiwa na daftari lenu la vipimo mkononi, na nakala moja muipe BMU ya kijiji, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za pwani yao, ili wavuvi nao waisome.

Tope la kupeleka maabara

Maabara za uvuvi ziko Kunduchi. Pigeni simu kwanza muulize wanataka kiasi gani na kwa bei gani. Tope la kupimwa mboji mnalitia kwenye mfuko safi, linawekwa kwenye barafu palepale botini, na linagandishwa siku hiyohiyo. La minyoo lisigandishwe kabisa, maana miili inapasuka na hakuna atakayewatambua. Litieni kwenye chupa yenye spiriti ya asilimia 70. Andikeni jina la kituo, tarehe, kina na hali ya maji kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu, kikae ndani ya chupa pamoja na tope. Wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti, na maandishi ya nje ya mfuko yanafutika kabla boti haijafika ufukweni.